Kwa nini vichwa vinainama siku ya uchaguzi wa klabu

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa Walukuba, Jinja. Tuna klabu yetu ya kujitolea, tuko watu 28, vijana kwa wazee. Tunatembelea wagonjwa wasio na ndugu, tunazibua mitaro kabla ya mvua, tunahamasisha watu wachangie damu. Katiba yetu inasema mwenyekiti akae miaka miwili. Mimi nimekaa miaka 7. Kila uchaguzi nawaambia nimechoka, nani atashika? Wanainamisha vichwa. Kisha mmoja anasema "mama, endelea tu", wanapiga makofi, basi. Kuna kijana wa boda boda ambaye ndiye mweka hazina wetu, mwaminifu, anapendwa. Nilimgusia, akacheka, akasema yeye ni mtu wa nyuma, si wa mbele. Nifanyeje watu wakubali uongozi? Nikiondoka hivi hivi, klabu itakufa.

Jibu: Marahaba mama, na pole kwa uchovu. Nimekaa na kamati za vikundi vya kujitolea miaka mingi, Busoga, Kampala na kule Mbale, na swali lako ndilo ninaloulizwa zaidi, hata kuliko maswali ya pesa. Nitalijibu kwa kirefu, maana klabu kama yenu ikifa, kuna mgonjwa wodini atakayekosa wa kumletea uji.

Nianze na jambo ambalo huenda hukulitarajia. Sidhani watu wako wanaukataa uongozi. Wanakikataa kiti kwa namna walivyokuona ukikikalia. Jiulize: ni mara ngapi simu yako imelia usiku kwa sababu ya mgonjwa wa klabu, na wote wanajua ilipokelewa na nani? Mabugo, yaani michango ya rambirambi, yakipungua, nani anajazia? Gari la kwenda mazishini likikodiwa na mfuko ukawa mtupu, nani anatoa kwanza, halafu harudishiwi? Hukuniandikia hayo, ila sijaona mwenyekiti wa kujitolea aliyekaa miaka 7 asiyabebe. Na wenzako wameyaona. Kijana anayeishi kwa anachopata siku hiyo akiyatazama yote hayo anapiga hesabu, anaona haitoshi, anacheka na kusema yeye ni mtu wa nyuma. Hesabu yake ni sahihi.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kukipunguza kiti mpaka mtu mwenye kazi, watoto na mfuko mwepesi aweze kukikalia. Kubembeleza kunakuja baadaye. Ukianza kubembeleza kabla hujapunguza, utabembeleza miaka mingine 7.

Chukua daftari. Kwa mwezi mmoja andika kila unachoifanyia klabu, hata simu ya dakika mbili, hata pesa ya simu uliyomtumia mwenzako. Mwisho wa mwezi fungua katiba yenu usome mwenyekiti anatakiwa kufanya nini hasa. Katika katiba nyingi za vikundi nilizozisoma ni mambo machache: kuongoza mikutano, kuweka sahihi, kuiwakilisha klabu kwa LC, yaani baraza la mtaa, na kwenye ofisi za jiji. Yaliyobaki yote daftarini yalikujia kwa sababu ulikuwa karibu, una moyo, na hukujua kusema hapana. Hayo yagawe sasa, ukiwa bado mwenyekiti. Mmoja ashike ziara za wagonjwa, yeye ndiye apigiwe simu usiku, na awe na wa kupokezana naye. Mwingine ashike mitaro na majembe. Mwingine awe ndiye anayezungumza na watu wa benki ya damu. Usimwachie mrithi wako kazi ya kugawa, kwa sababu mtu mpya hana ubavu wa kumwambia mwenzake achukue jambo ambalo mama alikuwa akilifanya mwenyewe bila kulalamika.

Kisha pesa ya mfukoni. Hili lipitishwe kwenye mkutano na liandikwe: mwenyekiti hajazii. Nauli na pesa ya simu za kazi ya klabu zinarudishwa kutoka mfuko wa klabu kwa risiti au kwa maandishi, na mfuko usipokuwa na kitu, shughuli hiyo inasubiri au inafanywa kwa udogo wake. Ni uamuzi mgumu. Msiba wa kwanza ambao klabu itapeleka mabugo kidogo, watu watanung'unika, na mkono wako utataka kuingia kwenye pochi. Uzuie. Ukitoa siku hiyo, umemwambia kila anayetazama kwamba azimio lilikuwa maneno tu.

Sasa niulize: pesa za klabu ziko wapi? Nauliza kwa sababu katika vikundi vingi ninavyokutana navyo ziko kwenye laini ya simu ya mwenyekiti, iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake cha taifa. Laini hiyo kisheria ni yake. Akitoka madarakani, ama pesa zinabaki kwa jina lake, ama anamtajia mwingine namba ya siri, na tangu hapo kila anayeijua ni mshukiwa. Mweka hazina wenu bila shaka ameliona hilo kabla yetu sote. Kama ndivyo mlivyo, fungueni akaunti kwa jina la klabu, wenye sahihi wawe watatu na kutoa pesa kuhitaji sahihi za wawili. Benki itataka cheti cha kikundi chenu, katiba, na kumbukumbu za mkutano uliowachagua wenye sahihi. Cheti kama hamna, kianzie ofisi ya maendeleo ya jamii, na barua ya LC wenu ikiwa mkononi. Fanyeni hivyo kabla ya uchaguzi.

Niseme zaidi kidogo kuhusu pesa, kwa kuwa hofu kubwa ya watu waaminifu iko hapo. Kwetu ukishika kiti tu, maneno yanaanza: anakula. Mtu mwenye jina safi analiogopa hilo kuliko anavyoogopa kazi. Matokeo yake waaminifu wanajiondoa wenyewe, wanabaki wanaokitaka kiti kwa sababu zao. Kinga yake ni ya kawaida kabisa. Kila mkutano, kabla ya ajenda nyingine, daftari la fedha linasomwa kwa sauti: tulianza na kiasi gani, kimeingia kiasi gani, kimetoka kwa nini, kimebaki kiasi gani. Na siku ya makabidhiano, wanachama wawili wasio wa kamati wakague vitabu, wahesabu mali, muhuri na majembe yakiwemo, waandike, wote wasaini. Anayekubali uongozi ana haki ya kujua anaanzia shilingi ipi, ili asije kuulizwa ya mwaka juzi.

Kuna jambo lingine ambalo ni letu sisi wa Uganda, na wengi hawalitaji. Neno mwenyekiti linabeba historia. Wenyeviti wa LC1 walichaguliwa mwaka 2001, na uchaguzi uliofuata ukaja Julai 2018. Mtoto aliyezaliwa katikati alikua akiamini kiti cha mwenyekiti hakina mlango wa kutokea. Uchaguzi wenyewe ni wa kupanga mistari: kila mtu anasimama nyuma ya mtu wake, hadharani. Klabu nyingi zimeiga utaratibu huo, na katika kikundi cha watu 28 unaumiza sana. Fikiria jirani anayesimama mbele, akageuka, akaona watu wanne nyuma yake, na kesho atakutana na wale 23 wengine bombani na msikitini na sokoni. Afadhali aseme yeye ni mtu wa nyuma. Kama mnapanga mistari, acheni. Vikaratasi na kasha la viatu vinatosha.

Na hapo, mama, uniwie radhi, lazima nikuguse na wewe. Katiba yenu inasema miwili, wewe umekaa 7. Najua hukung'ang'ania, walikurudisha kwa makofi. Lakini anayeombwa leo akubali "miaka miwili tu" haiamini hiyo miwili, kwa sababu ameona ya kwako ilivyogeuka. Ahadi yako ya mdomo haitamtosha. Tangaza tarehe ya siku yako ya mwisho, iandikwe kwenye kumbukumbu, na mkutano upitishe kwamba anayemaliza muhula hawezi kurudishwa papo hapo, hata kwa makofi. Mkiwa hapo ongezeni kifungu kwamba hakuna anayetumia jina la klabu kumpigia mgombea yeyote kampeni. Kuna watu wanakikwepa kiti chenu kwa kuogopa kupakwa rangi ya chama.

Kuhusu utaratibu wenyewe wa kurithishana, wapo wa kuwatazama. Rotary, mtandao wa klabu za kujitolea duniani, ipo Kampala tangu 1957. Rais wa klabu yao anakaa mwaka mmoja, kuanzia Julai 1 hadi Juni 30, na jina lake hupendekezwa angalau miezi 18 kabla hajaanza. Muda wote huo anakaa karibu na aliyepo, anaona barua zinavyojibiwa na ugomvi unavyotulizwa, anajipanga na kazi yake na nyumba yake. Akimaliza, anabaki kwenye kamati kama rais aliyepita, kwa ushauri. Ndugu yetu Sam Owori, aliyejiunga na klabu ya Kampala mwaka 1978, alipanda mpaka akateuliwa kuongoza Rotary ya dunia nzima kwa mwaka 2018 hadi 2019. Alifariki Julai 2017, kabla hajaanza. Msiba ulikuwa mzito, hapa na nje, lakini njia ya kumpata mwingine ilikuwa imeandikwa, na Barry Rassin wa Bahamas akashika nafasi hiyo. Sisemi Walukuba muwe Rotary, michango yao si ya mifuko yetu. Igeni kalenda yao. Msitafute mwenyekiti wa kesho asubuhi. Tafuteni mwenyekiti mteule atakayekaa ubavuni mwako mwaka mzima, akijua siku ya kuanza na siku ya kuondoka. Mtu anayekataa akiambiwa "shika leo" mara nyingi hukubali akipewa mwaka wa kujifunza.

Haya yakishakuwa tayari, ndipo unamwomba mtu.

Usimwombe kwenye mkutano. Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, walichapisha jaribio lao. Kila mshiriki aliwekwa chumbani peke yake, akiwasikia wenzake kupitia vifaa vya kusikilizia vya masikioni. Ghafla mmoja akasikika kama ameshikwa na kifafa. Miongoni mwa walioamini kwamba ni wao peke yao wanaomsikia mgonjwa, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijakatika. Walioamini kuna wengine wanne wanaosikia pia, ni asilimia 31 tu. Hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja alidhani mwingine ameshakwenda. Ukiuliza "nani atashika?" mbele ya watu 28, umeuliza watu 28 ambao kila mmoja ana wengine 27 wa kuwatazama. Na "mama, endelea tu" inatoka hapo. Kuna upendo ndani yake, sikatai, lakini pia ndiyo njia ya haraka ya kila mtu kurudi nyumbani.

Mwombe mmoja, kwa jina lake, mkiwa wawili. Kijana wako usimfuate stejini mbele ya wenzake, atacheka tena kwa sababu wao wanatazama. Mwite nyumbani siku ambayo si ya klabu, mpe chai. Usimsifu kwa jumla, "wewe ni kiongozi mzuri", sifa hiyo haishikiki. Mwambie ulichokiona kwa macho yako. Kwa mfano: "Siku ile fulani na fulani walipogombana kuhusu mchango, wewe ulifungua daftari ukawasomea, wakanyamaza. Mimi ningepiga kelele. Kwa hiyo nimekufikiria wewe." Kisha mweleze ukubwa wa kazi bila kuupunguza wala kuupamba: mkutano mmoja kwa mwezi, Jumamosi moja ya kazi, sahihi, na barua chache ambazo katibu anaziandika. Mwaka mmoja wa kujifunza, miwili ya kuongoza, tarehe ya mwisho hii hapa. Hatoi pesa yake. Simu za usiku za wagonjwa zina mwenyewe.

Halafu muulize: "Nini kinakufanya usite?" Na unyamaze. Sisi wakubwa hapo ndipo tunapoharibu, kijana hajamaliza sentensi tumeshamjibu. Mwache aseme, hata akikaa kimya kwa muda mrefu, na unachokisikia kiandike.

Huenda atakwambia Kiingereza. Nimekutana na hili mara nyingi. Watu wanadhani klabu yenye cheti lazima iendeshe mkutano kwa Kiingereza, na mtu aliyeishia darasa la saba anaona aibu kusimama. Hakuna lazima hiyo. Marekebisho ya katiba ya nchi ya 2005 yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na kwenye mtaa wa wafanyakazi wa viwanda kama wenu, wenye watu wa kila upande, ndicho kinachowakutanisha. Mkutano uwe wa Kiswahili, kumbukumbu ziandikwe kwa Kiswahili. Barua ya benki inayohitaji Kiingereza ina katibu wake.

Huenda atasema yeye ni mtoto mbele ya wazee. Hilo ni la kweli na zito. Kijana atamwambiaje mzee wa rika la babake kwamba muda wake wa kusema umekwisha? Kumwambia "usiogope" hakusaidii. Kinachosaidia ni mzee mmoja anayeheshimika kusimama mkutanoni na kusema wazi kwamba kwenye kikao mwenyekiti ndiye mwenye neno, awe na umri gani. Na mtu wa kwanza kutii awe wewe. Siku yake ya kwanza kuongoza, ukitaka kusema, nyoosha mkono, subiri akutaje, sema, kisha keti. Wazee wote watakutazama. Akikunyima nafasi kwa sababu ajenda imefungwa, ushushe mkono. Huo mkono utamfundishia watu adabu kuliko hotuba yako yoyote.

Na huenda, mama, akakwambia ukweli mtupu: hataki. Anapenda vitabu vya fedha, hapendi kugombana na watu. Mwamini. Mweka hazina mwaminifu ni adimu kuliko mwenyekiti, na ukimtoa pale kwa kumsukuma utapoteza wawili kwa mpigo. Ila usiondoke bila kumuuliza swali moja zaidi: "Kati yetu sote, ungependa kufanya kazi chini ya nani?" Nalipenda sana swali hili. Mtu anayekataa kiti huwa ameshafikiria nani angekiweza, na jina atakalolitaja mara nyingi ni la mtu ambaye hukuwa umemwona, kwa sababu hana kelele.

Likiwa jina la mwanamke, angalieni saa za mikutano kabla hamjamhoji ujasiri wake. Mkutano wa saa kumi na mbili jioni unamtaka achague kati ya klabu na chakula cha watoto. Uhamisheni Jumapili alasiri. Na usiende kumwombea ruhusa kwa mumewe isipokuwa amekutuma mwenyewe, maana ukitangulia umeshamfanya mdogo kabla hajaanza.

Kuhusu wewe baada ya kuondoka. Watu wataendelea kukupigia, miaka 7 ya mazoea haifutiki kwa kura. Wajibu kwa upole, "mpigie mwenyekiti", hata kama jibu unalijua. Usikae kiti cha mbele. Akichelewesha siku ya mitaro, mwache achelewe. Pesa zikipotea au mgonjwa akiwa hatarini, hapo ingilia bila kusubiri, lakini anza kwa kumwita pembeni.

Ikiwa umefanya yote na bado hapana hata mmoja, kamati ya watu watatu inaweza kupokezana kuongoza mikutano, kila mmoja mwezi wake, na mkaacha shughuli moja kati ya zile tatu mpaka mikono ipatikane. Bora mbili zilizo na wenyewe. Kutishia kuifunga klabu usitishie. Watakaokubali kwa hofu watakuwa wa kwanza kutoroka.

Maneno ya kupeleka kwenye mkutano mkuu yanaweza kuwa haya, myabadilishe mpendavyo: "Mwenyekiti mteule atachaguliwa kwa kura ya siri miezi 12 kabla ya mwenyekiti aliyepo kumaliza muhula. Katika muda huo atahudhuria vikao vyote vya kamati. Muhula wa mwenyekiti ni miaka miwili. Anayemaliza atabaki mshauri kwa miezi 6, bila sahihi ya benki, na hatagombea nafasi hiyo mpaka muhula mmoja mzima upite. Makabidhiano yatafanyika mbele ya wanachama, vitabu vikiwa vimekaguliwa na watu wawili wasio wa kamati." Mkikwama kwenye kifungu chochote, nitumie katiba yenu nzima niisome.